Mjerumani asiye na digrii ndiye aliyechora Mustang iliyoinyoosha Luftwaffe, jeshi la anga la Hitler. Au tunanyweshwa chai?

#1 Mtoto wa Gerezani
Wakuu, salaam.

Jana umeme ulikatika saa mbili usiku, simu ina chaji ya kuokoteza, nikajikuta nasoma habari za ndege za vita badala ya kulala. Nikakutana na mtu anaitwa Edgar Schmued. Kuna aliyewahi kumsikia humu? Mimi sijawahi, na ndege yake naijua tangu darasa la tatu, kibandiko chake kilikuwa nyuma ya daftari langu la hesabu.

Kazaliwa Hornbach, Ujerumani, Desemba 1899. Chuo kikuu hakukanyaga, nyumbani hela hamna. Kajifunza ufundi kiwandani, vitabu vya uhandisi akajisomea mwenyewe usiku. Mwaka 1925 akapanda meli kwenda Brazil, akapata kazi General Motors kule São Paulo. GM ndio walikuwa na mkono kwenye kampuni ya Fokker ya Marekani, wakamfungulia mlango, 1931 akaingia New Jersey kuchora ndege. Kampuni ikabadilika majina mpaka ikawa North American Aviation, ikahamia Inglewood, Los Angeles. Mwaka 1940 mkuu wa usanifu wa awali pale alikuwa yeye, na P-51 Mustang ikatoka kwenye meza zake.

Kwa hiyo ndege iliyosindikiza ndege za mabomu za Wamarekani mpaka juu ya Berlin Machi 1944 kaichora Mjerumani, mhamiaji, hana digrii. Messerschmitt, mchoraji wa ndege za kivita za Ujerumani, kila mtu anamjua. Schmued nani anamjua? Kwa nini?

Naomba kuwasilisha.

#2 Kashata Moto
Nimewahi siti ya mbele. Hii ni chai, ila naona ina tangawizi. Endelea.

#3 Mjuvi wa Mburahati
Mleta mada umeruka kipande kitamu kuliko vyote. Huyo mtu alikuwa mfanyakazi wa Messerschmitt, akatoroka na michoro. Weka picha ya Mustang pembeni ya Bf 109, ndege ya kivita ya Messerschmitt, uangalie ncha za mabawa, zote zimekatwa mraba. Marehemu mjomba wangu alikuwa jeshini na alikuwa anasema hivyo hivyo. Wamarekani walikopi tu.

#4 Fundi Spana
Mjuvi, Schmued kaondoka Ujerumani 1925. Bf 109 imeruka mara ya kwanza Mei 1935. Alitoroka na michoro ya ndege ambayo mimba yake haijatungwa?

Messerschmitt hakuwahi kumwajiri. Hadithi ile ilienea kwa sababu mbili tu, jina la Kijerumani na hayo mabawa ya mraba. Kwa hesabu hiyo hata kivuko cha Kigamboni ni kopi ya Messerschmitt.

#5 Mjuvi wa Mburahati
Ya 1925 nimeielewa. Ila mjomba hakuwa mtu wa kusema uongo.

#6 Kashata Moto
Mjomba alikuwa kikosi gani?

#7 Mjuvi wa Mburahati
Bendi.

#8 Kashata Moto
😂😂😂 Mungu ampumzishe na tarumbeta lake.

#9 Fundi Spana
Tumuache marehemu. Ngoja niujazie uzi nyama, nimekula chumvi kwenye karakana za ndege miaka 31 na habari hii naipenda.

Mwanzo wa 1940 Waingereza wana njaa ya ndege, vita imewakaba. Wakaenda North American kuuliza: mnaweza kututengenezea P-40, ndege za kivita za kampuni ya Curtiss? Maana Curtiss walikuwa hawafikii oda. Bosi wa North American alikuwa James Kindelberger, wakimwita Dutch. Akarudi kwa Schmued kumuuliza kama wana haja ya kutengeneza ndege ya watu wengine. Schmued alikuwa na michoro yake ya ndege ya kivita kichwani siku nyingi, akasema tutengeneze ya kwetu, bora kuliko hiyo. Waingereza wakakubali, Mei 1940 wakasaini ndege 320 ambazo hata mfano wake haujakatwa bati.

Siku 102 baadaye ndege ikasukumwa nje ya karakana. Siku 102! Mimi nimewahi kusubiri siku 140 boliti za mlango wa mizigo. Sasa raha yake ni hii: imetoka haina injini, kampuni ya Allison walikuwa hawajaleta, na magurudumu iliyosimamia yalikuwa ya kuazima, yalitoka kwenye ndege ya mafunzo ya kampuni hiyo hiyo, AT-6. Ikaruka tarehe 26 Oktoba 1940. Mwezi uliofuata rubani mwingine akaipindua shambani, magurudumu juu, injini imezimika kwa kukosa mafuta. Alitoka mzima.

#10 Binti wa Nyeri
@Fundi Spana hiyo AT-6 ndiyo Waingereza wakiita Harvard?

#11 Fundi Spana
Ndiyo yenyewe, dada.

#12 Binti wa Nyeri
Basi wadau, hiyo ndege kwetu inajulikana bila vitabu. Wakati wa hali ya hatari, vita vya Mau Mau, kuanzia 1953, Waingereza waliwatuma hao Harvard kudondosha mabomu madogo madogo misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Cucu wangu, yaani bibi, alikuwa msichana. Anasema walijua sauti yake kabla hawajaiona, inalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye mtungi, halafu mama yake anawasukumia kwenye shimo la viazi. Jina Harvard hakulijua. Nilipomwambia ni jina la chuo kikuu alinitazama kama nimemtukana.

Sisemi Schmued ndiye aliyeichora hiyo. Nasema tu magurudumu ya hadithi yako mimi nayafahamu kwa njia nyingine.

#13 Mtoto wa Gerezani
Dah. Asante dada. Hilo sikulitegemea kwenye uzi huu.

#14 Nahodha Mkavu
Poleni. Mimi narudi kwa mleta mada, na nina neno. Mnampamba sana huyo Schmued. Mustang ya kwanza, yenye injini ya Allison, ilikuwa nzuri chini chini tu. Ikishapanda juu inakohoa kama mzee wa buruma. Waingereza waliipa kazi ya kupiga picha na kushambulia treni, si kupigana angani huko juu. Iliyoifanya Mustang iwe Mustang ni injini ya Merlin ya Rolls-Royce. Tarehe 30 Aprili 1942 rubani wa majaribio wa Rolls-Royce, Ronnie Harker, aliirusha pale Duxford, akashuka akasema hii itiwe Merlin 61, ile yenye supachaja ya hatua mbili, pampu inayoshindilia hewa kwenye injini huko juu ambako hewa ni nyepesi. Oktoba mwaka ule ule ikaruka nayo. Kwa hiyo sifa ni ya Mwingereza. Mjerumani katengeneza jeneza zuri, Mwingereza katia roho.

#15 Mwalimu Fizikia
Nahodha umesema vizuri ila umekata ukweli nusu. Merlin hiyo hiyo ya hatua mbili ilikuwemo kwenye Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza. Je, Spitfire ilikwenda Berlin na kurudi? Ukitia Merlin moja kwenye Spitfire na nyingine ya aina ile ile kwenye Mustang, Mustang inakwenda kasi zaidi, ingawa ni nzito. Roho moja, miili miwili, mwili mmoja unakimbia zaidi. Basi mwili una siri.

Siri ipo wapi, hapo ndipo wataalamu wenyewe waligombana mpaka uzeeni. Miaka yote tumeambiwa ni bawa. Kijana mmoja wa hesabu za hewa pale North American, Ed Horkey, alichukua utafiti wa taasisi ya serikali ya NACA juu ya bawa ambalo hewa inateleza juu yake bila kuvurugika mapema. Unene wa bawa unasogezwa nyuma kidogo, hewa inatulia safari ndefu zaidi. Sawa. Lakini bawa la kiwandani lina ripiti, rangi, matope, wadudu waliopondeka. Ule utulivu wa maabara haupo vitani.

Lee Atwood, aliyekuwa msaidizi mkubwa wa Kindelberger, akiwa mzee alishikilia kwamba wanaosifia bawa wamepotea, siri ni rejeta. Na wazo la rejeta si la Schmued wala la Atwood, ni la Mwingereza Meredith wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, aliliandika miaka ya 1930.

#16 Suka wa Fuso
Naomba kusimama hapo kwenye rejeta. Mimi ni dereva wa Fuso Mbeya, kila nikipanda Kitonga mshale wa joto unapanda pamoja na mimi. Hiyo rejeta ya Mustang ikoje? Isije ikawa nateseka na dawa ipo.

#17 Mwalimu Fizikia
Karibu mkuu. Umeona lile tumbo chini ya Mustang, nyuma kidogo ya rubani? Ndimo rejeta ilimo. Hewa inaingia kwa mdomo mdogo, ndani njia inapanuka, hewa inapunguza mwendo, inapita kwenye rejeta taratibu inachukua joto. Ikishapata joto inatanuka. Halafu inabanwa itoke kwa mlango mwembamba nyuma, inatoka kwa kasi inaisukuma ndege mbele. Kwa kawaida rejeta ni mzigo, inashika upepo. Hapa joto la injini lenyewe linarudisha sehemu kubwa ya kile rejeta ilichokula.

#18 Suka wa Fuso
Kwa hiyo nikitengeneza boksi la bati chini ya gari...

#19 Fundi Spana
Mustang ilikuwa inagonga kilomita 700 kwa saa. Wewe Kitonga unapanda na gia ya pili. Safisha rejeta, badilisha themostati, acha tamaa.

#20 Suka wa Fuso
😅 Sawa mzee. Lakini fundi wangu nitamuuliza.

#21 Mpelelezi wa Kinondoni
Naona mmepita kimya kimya kwenye jambo la Curtiss. North American waliwalipa Curtiss dola 56,000 wakapewa data za P-40 na za ndege nyingine ya majaribio, XP-46, ambayo nayo rejeta yake ilikuwa tumboni. Sasa mtu ananunua mtihani, halafu anapata 90, halafu anasema nimesoma mwenyewe usiku?

#22 Fundi Spana
Hiyo 56,000 ni kweli. Ila soma na upande wa pili. Waingereza walitaka uhakika, kampuni ile ilikuwa haijawahi kuunda ndege ya kivita ya aina hiyo, basi ununuzi ule ulikuwa kama dhamana. Schmued na Horkey wote walikana kwamba data zile ziliwafaa kitu, muundo ulikuwa umeshashikwa. Curtiss nao wakabaki wakisema ni mtoto wao. Mimi najiuliza, kama siri ilikuwa kwenye makaratasi ya Curtiss, kwa nini Curtiss wenyewe hawakuitoa Mustang?

#23 Mpelelezi wa Kinondoni
Mtu kukana si ushahidi. Nimewahi kuwa karani wa mahakama.

#24 Mtoto wa Gerezani
Wakuu nihesabu kidogo. Engine Mwingereza. Rejeta Mwingereza. Bawa NACA na Horkey. Data Curtiss labda. Oda Mwingereza. Jina Mustang nalo Mwingereza. Schmued kabakiwa na nini, kunoa penseli?

#25 Mwalimu Fizikia
Kabakiwa na kazi ngumu kuliko zote, kuamua. Msanifu wa awali ndiye anayesema injini ikae hapa, mafuta hapa, rubani hapa, na vyote viingie kwenye ngozi nyembamba ambayo kiwanda kinaweza kuikunja kwa haraka. Umbo zima lilichorwa kwa mikunjo ya hesabu, si kwa jicho la fundi, kwa hiyo bati zikakaa zinavyotakiwa. Mke wangu anashona mabibo... samahani, magauni. Kitambaa cha Dubai, zipu ya China, mtindo kauona kwenye simu. Lakini mteja akitoka kwenye harusi watu wanauliza nani kakushonea.

#26 Kashata Moto
Mwalimu anashonewa mabibo 😂

#27 Bin Seif wa Muttrah
Assalaam aleikum. Nawasoma toka Muscat. Mimi mada yangu ni hiyo ya "hana digrii".

Marhumu baba alikuwa fundi wa ndege wa East African Airways, pale Embakasi. Kaingia kijana mdogo toka Unguja, hana cheti cha maana, kafunzwa na Waingereza na Wahindi, kaanza na Dakota, kaja Comet, kaishia Super VC10. Shirika lilipokufa 1977, nchi tatu zimegombana, wafanyakazi wakaambiwa kila mtu kwao. Kwao wapi? Sisi tumezaliwa Nairobi. Baba akaja Ghuba, na huku walimchukua kwa sababu bwana mmoja alimpeleka mbele ya injini akamwambia hebu niambie ina nini. Akasikiliza, akasema. Akaanza kazi Jumamosi.

Hicho ndicho naona kwa Schmued. Kaingia kwa mkono wa General Motors, watu walimuona kazi kule Brazil kwanza.

#28 Mkwezi wa Scarborough
Bin Seif umenigusa. Mimi nipo Toronto na leseni yangu ya ufundi wa ndege imekaa kwenye droo mwaka wa nne. Nilipofika niliambiwa na ofisi moja, sitaitaja, kwamba uzoefu wangu wa miaka tisa "hauwezi kuthibitishwa". Barua nilizobeba zilikuwa na mihuri yote ya dunia. Sasa nafanya usiku kwenye ghala, asubuhi nasoma tena mambo niliyokuwa nafundisha vijana nyumbani. Kijana anayenifundisha juzi kaniuliza kama kwetu ndege zinatua kwenye lami.

Halafu mji huu huu una historia yake. Tarehe 20 Februari 1959 serikali ya Kanada ilifuta ndege ya kivita ya Avro Arrow, watu kama 14,000 wakakosa kazi siku moja. Ndani ya miezi michache wahandisi kama 25, wakiongozwa na Jim Chamberlin, wakachukuliwa na NASA. Baadhi yao walikuwa wamehamia Kanada toka Uingereza, kwa hiyo walihama mara mbili. Kina John Hodge na Tecwyn Roberts ndio waliokuja kukaa chumba cha kuongozea safari za anga za juu. Kwao hakuna aliyesema uzoefu hauthibitishwi.

#29 Mjuvi wa Mburahati
Ni ngozi tu mkuu, tusizunguke. Schmued angekuwa Msukuma angefagia karakana.

#30 Binti wa Nyeri
Mjuvi leo umesema kitu. Ongezea hapa. Schmued alipata uraia wa Marekani 1935. Vita ilipoingia, Mjerumani wa kuzaliwa anachora ndege ya kivita Los Angeles, hakuna aliyemgusa. Mji huo huo, 1942, Wajapani waliochukuliwa majumbani na kufungiwa kambini, pwani yote ile walikuwa kama 120,000, na theluthi mbili yao walikuwa raia, wamezaliwa hapo hapo Marekani. Karatasi ile ile ya uraia, nguvu tofauti.

#31 Nahodha Mkavu
Na Mchina je? Qian Xuesen, mwanafunzi wa von Kármán, bingwa wa elimu ya anga, kule chuo cha Caltech, mmoja wa walioanzisha maabara ya roketi ya JPL. Vita vikuu kawatumikia Wamarekani mpaka akavalishwa sare ya kanali. Mwaka 1950 wakamwambia wewe mkomunisti, wakamnyang'anya kibali cha kuona siri, wakamweka chini ya ulinzi kama miaka mitano. 1955 wakamrudisha China. China wakampokea kwa mikono miwili, ndiye baba wa makombora yao.

#32 Mpelelezi wa Kinondoni
Kumbe ndiye aliyetuchorea zile ndege za Kichina za kambi ya Ngerengere!

#33 Fundi Spana
Hapana. Qian ni makombora. Zile F-6 tulizopewa na Wachina ni MiG-19 ya Warusi iliyotengenezwa China, na F-7 ni MiG-21. Hapo mhamiaji ni mchoro wenyewe.

#34 Kashata Moto
Mchoro umehama bila viza. Mkwezi upo?

#35 Mkwezi wa Scarborough
Nipo, nacheka huku nalia.

#36 Mpiga Kambi Nanyuki
Wasee, kwani mnaongea Schmued na hakuna ametaja F-5? Jamaa alitoka North American 1952 akaenda Northrop kuwa makamu wa rais wa uhandisi. Huko ndiko ilianza ile N-156, ndege nyepesi ya bei nafuu, ikazaa T-38 ya mafunzo na F-5 ya kivita. Na F-5 ni ndege yetu Kenya tangu mwisho wa sabini. Mimi nimekulia karibu na kambi ya Laikipia, zikipaa madirisha yanatetemeka hadi maziwa yanamwagika. Agosti 1, 1982, waasi waliwalazimisha marubani kwa bunduki wakapige Nairobi, wakaenda wakamwaga mabomu msituni. Na Oktoba 2011 tukaingia nazo Somalia. Kwa hivyo huyo Mjerumani ametuachia kitu.

#37 Mwalimu Fizikia
Uangalifu hapo. Schmued kaondoka Northrop 1957. T-38 imeruka Aprili 1959, N-156F Julai 1959. Wanaotajwa kwa mradi ule ni Welko Gasich na timu yake, na injini ndogo ya J85 ya General Electric ndiyo iliyowawezesha. Schmued alikuwa bosi wa juu aliyejenga kile kikosi. Aliichora? Sina hakika hata kidogo.

#38 Mpiga Kambi Nanyuki
Lakini wazo ni lake. 1943 alikwenda Uingereza kuuliza kwa nini ndege zao za kivita ni nyepesi kuliko za Wamarekani, wakampa uzito wa kila kipande. Akarudi akatengeneza Mustang zilizopunguzwa kilo, ndiyo ikaja P-51H. Mtu mwenye ugonjwa wa wepesi toka 1943, halafu unaniambia F-5 ilianguka tu toka juu?

#39 Nahodha Mkavu
Tazama tena, amekwenda kuuliza Waingereza 😎

#40 Mama Tufaha
Jamani mmechambua injini, bawa, rejeta, kilo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama huyu baba alikuwa na familia. Nimekwenda kutafuta. Mkewe Luisa alikuwa hataki kuhamia California. Kampuni ilipokwenda magharibi 1935, Schmued akabaki mashariki, akaingia kampuni nyingine kwa muda mfupi. Haikumfaa, basi wakafunga mizigo kuifuata North American. Njiani gari likapata ajali. Luisa akafariki. Yeye akaumia vibaya, na akaanza kazi Inglewood mjane, mwanzo wa 1936. Miaka minne baadaye ndiyo hizo siku 102 mnazozishangilia.

Mimi niliposoma hapo nikafunga simu nikaenda kukoroga uji.

#41 Bin Seif wa Muttrah
Inna lillahi. Mama Tufaha umetutia ganzi.

#42 Mtoto wa Gerezani
Hilo sikuwa nalo kabisa. Asante mama.

#43 Kalala wa Kalemie
Ndugu zangu, jambo sana. Nilikuwa nawasoma tu. Dada wa Nyeri aliposema Harvard nikasema niongeze. Kampuni ile ile ilitengeneza T-28, nayo ndege ya mafunzo. Mwaka 1964 wakati wa waasi wa Simba, Wamarekani walizileta kwetu Kongo, marubani ni Wakuba waliomkimbia Castro. Wazee wa hapa ziwani wanazikumbuka. Kwa hiyo hesabu: kampuni ya Marekani, Mjerumani mkuu wa wachoraji, rubani Mkuba mkimbizi, na aliye chini ni Mkongomani anayekimbia. Wote wako mbali na nyumba isipokuwa yule anayepigwa.

#44 Binti wa Nyeri
Kalala, hiyo naiandika ukutani.

#45 Mpelelezi wa Kinondoni
Tujibu swali la #1 basi, kwa nini hajulikani. Mimi nasema Marekani ya baada ya vita hawakutaka shujaa mwenye jina la Kijerumani.

#46 Fundi Spana
Hapana. Von Braun, yule wa roketi, alikuwa Mjerumani, tena wa chama cha Nazi, akawekwa kwenye televisheni. Sikorsky mzaliwa wa Kyiv, jina lake limeandikwa ubavuni mwa helikopta mpaka leo. Kartveli wa Tbilisi kachora ndege ya kivita P-47 pale kampuni ya Republic, na yeye watu hawamjui. Tofauti ni moja: Sikorsky alikuwa na kampuni, Schmued na Kartveli walikuwa na mshahara. Messerschmitt unamjua kwa sababu lilikuwa jina la kampuni. Mustang ikazaliwa kwa North American, jina la bara.

#47 Mwalimu Fizikia
Mimi naona kampuni ilipenda iwe hivyo. "Timu" haidai nyongeza ya mshahara. Juu yake walikuwepo Kindelberger, Atwood, Raymond Rice mhandisi mkuu, wote walikuwa na haki ya kusema sisi. Horkey naye akasema bawa ni langu. Schmued alikuwa mtu wa meza ya kuchorea. Kafa Juni 1985 pale Oceanside, ameishi miaka mingi akisoma vitabu ambavyo vinamwita mtu wa Messerschmitt.

#48 Mjuvi wa Mburahati
Hapo mjomba kahusika. Namuombea msamaha kwa familia ya Schmued.

#49 Mpiga Kambi Nanyuki
Mimi bado niko pale pale, F-5 ni yake. Nitarudi na picha.

#50 Mkwezi wa Scarborough
@Bin Seif, baba aliwahi kuandikiwa barua ya utambulisho na Embakasi baada ya 1977, au alikwenda mikono mitupu? Nauliza kwa sababu zangu. Nijibu hata pembeni.

#51 Bin Seif wa Muttrah
Alikuwa na daftari la kazi alilosaini kila bosi wake, ukurasa kwa ukurasa, toka Dakota. Ninalo hapa. Ngoja nilitafute nikupigie picha ujue lilivyokuwa.

#52 Suka wa Fuso
Wakuu nimemuuliza fundi. Kacheka mpaka kakaa chini kwenye tairi. Kisha kafungua rejeta katoa mfuko wa nailoni na manyoya ya kuku. Leo nimepanda Kitonga, mshale haujatikisika. Mambo ya Meredith mengine baadaye.